Bustani ya Vizibo

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa kinyozi, pale mtaa unapokata kona kuelekea hospitali. Mbele ya benchi kuna meza yenye drafti iliyochorwa kwa rangi, tunayoichezea kwa vizibo vya soda, na pembeni yake ndipo ninapoweka jiko langu la mkaa na birika la kahawa. Nimeuza kahawa hapo muda mrefu hadi watu wakinikuta sokoni hawanitambui mpaka niongee. Benchi lenyewe ni kazi ya Seremala, kwa hiyo anayo haki ya kukaa mwisho wa upande wa kivuli bila kuambiwa asogee. Katikati hukaa Hakimu, tarishi mstaafu wa mahakama, ambaye hajawahi kuhukumu hata kuku lakini kila ubishi anaufunga yeye. Kinyozi tunamwita Redio, kwa sababu hutoa habari hata ukimzima. Jioni ninayoisimulia hakuna aliyekuja kucheza. Seremala alifika mapema, akamwaga vizibo vyote mezani, akasema anaomba tumsaidie kupanga bustani ya maua.

Hatukumuuliza ni ya nani. Mkewe, ambaye sote tunamwita shemeji, alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali. Hawakusema amepona. Walisema arudi nyumbani apumzike, na wao wataendelea kumwangalia mwezi hadi mwezi. Sisi ni watu wazima, tulijua maneno yale yamebeba nini, na ndiyo maana hakuna aliyeyarudia pale benchini. Mwanamke yule alikuwa akipita hapa na kapu lake la sokoni anasimama, anatutazama mmoja mmoja, anauliza, "Nyinyi kazi hii ya kukaa mnalipwa na nani?" Halafu anaenda zake, anatuacha tunacheka. Sasa mgongo umemwangusha, hata kukaa kitandani hawezi mpaka ashikwe. Kusema kweli, kona ile ilikuwa imepoa bila yeye.

Seremala: Juzi kaniambia, kila akifumbua macho anaona kitu kilekile. Halafu akasema, natamani maua.

Redio: Maua gani?

Seremala: Maua tu. Hakusema zaidi, na mimi sikutaka kumchosha.

Hakimu: Basi hicho kitu kilekile ni uwanja wako. Samahani, ndugu yangu, lakini ule uwanja una nini? Vumbi la mbao na mkokoteni usio na gurudumu.

Seremala: Mkokoteni nimeshautoa. Nimefagia kutoka dirishani mpaka kwenye ukuta wa jirani, peupe kabisa. Sasa nataka kila msimu uwe na maua yake. Haya yakinyauka, yale yawe yameshafungua. Asifumbue macho hata siku moja akakuta patupu.

Redio: Mwaka mzima?

Seremala: Mwaka mzima.

Hakimu alikohoa. Akikohoa vile huwa ana neno, lakini safari ile alilimeza.

Seremala akatuonyesha. Drafti ndiyo uwanja. Upande wake ni dirisha, upande wa Hakimu ni ukuta wa jirani. Vizibo vyekundu ni waridi, vya njano ni alizeti, vyeupe ni asumini. Vya kijani tukaviweka kando kwa maua ambayo hatujayaamua. Akatoa mfukoni futi yake ya kupimia, ile ya chuma inayojikunja yenyewe, maana hata mtu akimwomba kiberiti yeye hutangulia kutoa futi, akapima drafti kana kwamba kuna mtu angemwambia imepinda.

Tulianza vizuri. Bogonvilia tuliiweka ukutani bila ubishi.

Redio: Hiyo ni ya kiangazi. Ukiipa maji mengi inakutolea majani tu. Ukiinyima, inachanua kwa hasira.

Hakimu: Kama wewe ukinyimwa kahawa.

Seremala: Na alizeti?

Mimi: Alizeti usipande zote kwa mkupuo. Panda mstari huu, zikishachipua panda mwingine. La sivyo zitachanua pamoja na kufa pamoja.

Neno kufa lilinitoka kabla sijalishika. Nikajidai nachochea mkaa. Seremala hakuinua macho, alisogeza tu vizibo vya njano, akavipanga kwa mistari inayofuatana.

Redio: Mvua kubwa ziachie waridi.

Hakimu: Waridi kwenye mvua kubwa? Litaoza. Waridi ni la mvua ndogo.

Redio: Hakimu, wewe uliwahi kupanda nini?

Hakimu: Mahakamani tulikuwa na waridi mbele ya lango. Nimelipita kila siku ya kazi.

Redio: Na mimi napita benki kila siku.

Seremala: Tuweke huku na huku, yatakayooza yaoze. Asumini iwe chini ya dirisha, harufu imfikie. Katikati hapa nataka yungiyungi.

Hapo Hakimu akavua kofia. Alipokuwa tarishi alizoea kuivua kila anapoingia mbele ya wakubwa, na mpaka leo ikifika zamu ya kusema jambo zito mkono unakwenda wenyewe kichwani.

Hakimu: Yungiyungi lina kiazi. Kinazikwa chini, kinalala huko. Mvua hizi linatoa majani tu. Ua mpaka mvua zijazo, na pengine hata hizo zipite.

Seremala: Najua.

Hakimu: Mimi ningeshauri tuanze na ya haraka.

Seremala: Ya haraka kwa nini?

Hakimu: Nasema tu.

Seremala: Husemi tu. Sema unachotaka kusema.

Hakimu: Sina ninachotaka kusema, ndugu yangu.

Seremala akachukua kizibo cha kijani, akakiweka katikati ya drafti, akakikandamiza kwa kidole gumba kwa muda. Alipoinua mkono, kidole kilikuwa na alama ya meno ya kizibo. Kila mmoja wetu alikuwa anaelewa kwamba tukipanga maua ya mwaka mzima tunasema shemeji atakuwapo, na tukipanga ya miezi michache tunasema jambo jingine, na hakuna mdomo wowote pale uliotaka kuwa wa kwanza. Nikamjazia Seremala kikombe. Kahawa ndiyo kitu pekee ninachojua kumpa mtu nikikosa la kumwambia.

Aliyevunja ukimya ni Redio. Huwa namkemea kwa domo lake, lakini jioni ile nilimshukuru kimoyomoyo.

Redio: Tatizo liko kwenye baridi. Mnaona hapa? Mvua tumejaza, joto tumejaza. Baridi pana pengo.

Hakimu: Baridi maua yanalala.

Redio: Yanalala kwa sababu yanaona siku fupi. Sasa tuyadanganye. Tunavuta waya kutoka karakana, tunaning'iniza taa juu ya uwanja. Ua halina kalenda. Likiona mwanga linajua kumekucha.

Hakimu: Na baridi yenyewe utaidanganya na nini?

Redio: Pumba za mbao. Seremala anazo za kutosha. Tunazichoma taratibu kuzunguka bustani, moshi unatanda, pale chini panakuwa na joto la kiangazi.

Mimi: Moshi chini ya dirisha la mgonjwa?

Redio: Basi tuache moshi. Kioo. Natoa kile kioo changu kikubwa tunakisimamisha ukutani, kila ua linakuwa mawili. Baridi ikitupunguzia nusu, kioo kinarudisha.

Hakimu: Na wateja wako watajitazama wapi?

Redio: Wataniamini.

Seremala alitabasamu, kidogo tu. Tulipoona vile tukachangamka sote, kila mtu akitaka Seremala atabasamu kwa ajili yake. Hakimu, mtu mzima na mvi zake, akasema kioo ni hila ya kitoto. Dawa ni kumwomba jirani abomoe ukuta, na jirani wa jirani naye abomoe wake, na kila nyumba ipande rangi moja, ili shemeji aone maua mpaka mwisho wa mtaa. Redio akasema ukuta ukibomolewa mbuzi wataingia. Hakimu akasema mbuzi wataandikiwa hati ya wito. Redio akaleta habari ya kukodi mizinga ya nyuki, eti maua yakitembelewa sana yanachanua kwa kujivuna. Mimi nikapendekeza tuchimbe maua yote na kuyapanda kwenye madumu, tuwe tunayaleta dirishani kwa zamu kama walinzi. Bado sioni kosa la wazo hilo.

Halafu Redio, katika joto hilohilo, akashika kizibo cha kijani.

Redio: Tumesahau yale ya njano, madogo ya duara, yenye harufu kali. Yale hayajui baridi wala joto. Pale makaburini yanachanua mwaka mzima na hakuna anayeyamwagilia.

Alisikia mwenyewe alichosema. Kizibo kilibaki hewani. Kisha akakirudisha kando kwa wenzake, polepole, kisigonge.

Redio: Nisamehe, kaka.

Seremala: Hujakosea. Ni maua kama mengine.

Lakini tabasamu lilikuwa limekwenda. Alianza kuvinyoosha vizibo ambavyo vilikuwa vimenyooka tayari.

Hapo ndipo tulipogundua kuna mtu amesimama nyuma ya Hakimu. Alikuwa mama wa makamo, kitambaa kichwani kimejaa vumbi la safari, begi mkononi. Hatukujua amefika saa ngapi. Seremala alisimama haraka, goti likagonga meza, bustani ikatikisika yote.

Seremala: Dada. Mbona hukusema unaingia leo?

Mgeni: Nimepiga mara tatu. Simu yako haipokelewi.

Seremala: Nimeiacha karakana.

Akatujulisha. Alikuwa dada mkubwa wa shemeji, aliyesafiri kutoka mbali kuja kumuuguza. Tukamsogezea nafasi, nikampa kikombe. Akakaa begi miguuni, akatazama meza.

Mgeni: Nimesimama nyuma yenu nasikiliza, sijaelewa. Mnacheza nini?

Tulimweleza wote kwa pamoja. Redio alimwonyesha kiangazi, Hakimu akamwonyesha mvua, Seremala akamwonyesha asumini inapokaa na njia ya kupitia mtu wa kumwagilia. Nakiri tulijivuna. Ilikuwa bustani nzuri. Yule mama alisikiliza yote, anakunywa kidogokidogo, hakumkatiza mtu.

Mgeni: Mdogo wangu alisema nini hasa?

Seremala: Kwamba kila akifumbua macho anaona kitu kilekile. Na kwamba anatamani maua.

Mgeni: Kitu gani?

Seremala: Sijakuelewa, dada.

Mgeni: Hicho kitu kilekile. Ni kitu gani?

Seremala alimtazama Hakimu. Hakimu akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Redio, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Redio hakuwa na habari.

Hakimu: Ni uwanja, dada. Dirisha lao linatazama uwanjani.

Mgeni: Yeye alisema ni uwanja?

Seremala: Hakusema.

Mgeni: Nyinyi bustani hii mnaiangalia kutoka juu.

Akaweka kikombe chini, akachuchumaa mbele ya meza, akalaza shavu lake kwenye ukingo wa drafti, hajali vumbi wala wapita njia. Akafumba jicho moja.

Mgeni: Mimi hapa naona kizibo kimoja. Na kidevu cha huyu mzee. Shemeji yangu, kitanda cha mdogo wangu kina kimo gani?

Seremala: Cha chini. Nilikitengeneza mwenyewe. Nilikifanya cha chini ili asihangaike kushuka.

Mgeni: Na dirisha?

Seremala: Linaanzia hapa.

Akaonyesha kifuani kwake, na mkono ukabaki palepale kifuani.

Mgeni: Analala chali?

Seremala: Hawezi. Analala ubavu wa kushoto. Daktari amesema asigeuzwe upande wa pili.

Mgeni: Ukilala pale alipo, kwa ubavu ule, unaona nini?

Seremala hakujibu. Mtu huyu, ukimwamsha usingizini, angekutajia urefu wa kila mguu wa kitanda kile, mbao zilitoka wapi na msumari gani ulimsumbua. Mgeni akasimama, akajipangusa shavu.

Mgeni: Wewe unalala wapi siku hizi, shemeji?

Seremala: Karakana.

Mgeni: Tangu lini?

Seremala: Tangu arudi. Naweka godoro juu ya meza ya kazi. Mimi nageuka sana usingizini, dada. Naogopa nitamgonga mgongo.

Akaendelea kwa sauti ambayo hatukuizoea.

Seremala: Na naogopa kuamka asubuhi. Kuamka nikiwa pembeni yake, nimguse, halafu. Naogopa tu. Nikiwa karakana nasikia akikohoa, najua yupo.

Mgeni: Yeye umemwambia hivyo?

Seremala: Nimemwambia nina kazi ya usiku.

Hakimu alikuwa amevua kofia tena. Seremala akaanza kuusogeza mkono wake hewani, kama anavyofanya akikadiria samani itakavyoingia mlangoni. Mkono ulichora kitanda. Ukachora dirisha. Ukamlaza mtu kwa ubavu wa kushoto. Kisha ukasimama.

Seremala: Dirisha liko mgongoni kwake.

Mkono ukahamia upande wa pili wa kitanda.

Seremala: Mbele yake ni upande wangu. Anaona mto wangu.

Akainuka. Hakuaga, hakusema anakwenda wapi, na kikombe chake kilikuwa bado kimejaa. Alikata kona kwa hatua za haraka, mtu ambaye hatujawahi kumwona akiharakisha hata mvua inaponyesha. Futi yake ilibaki juu ya drafti. Redio akainyakua, akafungua mdomo amwite.

Mgeni: Mwache, mwanangu.

Redio: Ameisahau. Hawezi kwenda hatua mbili bila hii.

Mgeni: Mwache.

Naye hakumfuata. Alisafiri kutwa nzima kumwona mdogo wake, na nyumba iko nyuma ya kona, lakini alikaa pale benchini, mahali pa Seremala, begi mapajani, akisema hana haraka. Akaomba kikombe kingine. Nikainua birika, nikainamisha, yakatoka matone machache na machicha.

Mimi: Imeisha, mama.

Mgeni: Si kitu. Nitakaa tu.

Kwa kawaida kahawa ikiisha kijiwe kinavunjika. Jioni ile hakuna aliyeondoka. Hakimu hakufunga kesi. Tuliitazama bustani yetu ya vizibo mpaka rangi zikawa hazitofautiani, na mimi niliona aibu, nasema wazi. Watu wazima tulikuwa tumejadili nyuki, vioo na mbuzi, na hatukuwahi kumuuliza mwenzetu analala wapi.

Asubuhi nilikuwa nawasha mkaa, Redio anafagia mlangoni kwake, Seremala akaja. Shavu moja lilikuwa na mikunjo ya mto. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa amenyoosha mabega. Redio akampa futi yake. Akaitia mfukoni bila kuitazama.

Seremala: Jioni naomba mikono yenu. Tukigeuze kitanda, kichwani pawe miguuni. Akilala kwa ubavu uleule ataniona mimi kwanza, halafu dirisha. Na nitakiinua miguu, nimeshakata mbao.

Redio: Na maua?

Seremala: Nimemuuliza. Kumbe anataka yungiyungi. Tangu msichana anayapenda, na mimi nilibahatisha tu, sikujua.

Akakaa mahali pake, upande wa kivuli. Nikammiminia kikombe cha kwanza cha siku. Akakishika kwa mikono yote miwili.

Seremala: Nikamwambia ukweli. Nikamwambia yungiyungi yanachelewa, yanataka kungojwa, labda tuanze na ya haraka. Akanitazama kwa muda, karibu kabisa, kutoka kwenye mto wake. Akasema, "Kwani wewe unakwenda wapi?"

Redio aliuweka ufagio chini, akasema kuna mteja anamngoja ndani. Nilitupa jicho pale mlangoni. Kiti kilikuwa kitupu, naye alikuwa amekisimamia, ametupa mgongo.